Mtoto Akiisha Kuhara, Kazi Bado Haijaisha

Ndama akiharisha kisha akapata nafuu, mkulima mwangalifu hasemi siku ile ile ya kuwa kazi imekwisha. Humweka mahali pakavu, humpa maziwa ya kutosha, na kila asubuhi humtazama kama anarukaruka pamoja na wenzake. Lakini mtoto wa mkulima huyo huyo akirudi kutoka zahanati, mara nyingi hulazwa mkekani, hupewa uji mwepesi, kisha huachwa. Watu wa nyumbani husema, "Amepona, ila siku hizi ni mtulivu sana." Msomaji, huenda utulivu huo si adabu. Huenda ni njaa, na huenda ni hofu.

Katika somo hili tutachukua ugonjwa wa kuhara, maana hakuna kijiji kisichoujua. Tuseme mtoto wako ana umri wa miaka 2 na ameharisha tangu jana. Jambo la kwanza ni maji. Zahanati itakupa pakiti za dawa ya ORS. Kabla ya kuikoroga, soma pakiti, kwa maana nyingine ni za maji nusu lita na nyingine za lita 1. Ukikosea kipimo dawa haitafaa. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila akiharisha, mpe kiasi cha nusu kikombe hadi kikombe kimoja kidogo cha chai, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole zaidi. Dawa iliyokorogwa ikipita saa 24, imwage.

Pamoja na hiyo utapewa vidonge vya zinki. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Kuhara kukikoma siku ya tatu, vidonge huwekwa juu ya kabati. Si vyema. Mtoto wa miezi 6 na zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, na mdogo kuliko huyo nusu yake, kwa muda wa siku 10 hadi 14 kama alivyoagiza mganga, hata ikiwa anacheza uwanjani. Zinki hupunguza hatari ya kuharisha tena katika miezi 2 au 3 inayofuata.

Lakini akiwa hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au macho yameingia ndani, au kuna damu katika choo, au amelegea na ni vigumu kumwamsha, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali mara moja, ukimnywesha njiani ikiwa anaweza kumeza.

Sasa habari ya chakula. Wazee wengine walitufundisha kulipumzisha tumbo kwa kumnyima mtoto chakula. Waliwapenda watoto wao, lakini katika jambo hili walikosea. Anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Anayekula ale, na akipata nafuu aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa majuma 2. Usimwongezee maji katika uji, mwongezee nguvu. Uji mzito wa wimbi utiwe maziwa, au kijiko cha njugu zilizosagwa, au mafuta kidogo. Yai moja, omena waliopondwa, parachichi lililoiva, vyote hivi huenda vipo shambani mwako au sokoni karibu. (Nashangaa kumwona mtu akiuza mayai yote ya kuku wake ili amnunulie mtoto soda.)

Pengine chakula kizuri kipo na mtoto hataki. Mtoto aliyedungwa sindano na kushikwa kwa nguvu na watu asiowajua amepata hofu, naye hawezi kukueleza. Atang'ang'ania nguo ya mama. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ataanza tena. Usimpige wala usimcheke, kwa kuwa mambo hayo hupungua akiona nyumbani ni salama. Wala usimtishe kwa kusema, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari." Siku atakapougua tena, utamvutaje aende? Mwambie kweli: sindano itauma kidogo, nami nitakushika mkono.

Na umcheze. Baba, neno hili ni lako pia, usiseme ni kazi ya mama. Ukirudi kutoka kukamua, keti naye robo saa. Mpe vifuniko vya chupa avipange, gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa, gari la waya. Mtajie vitu, mwimbie, mwache akujibu kwa namna yake.

Labda utasema huu ni upuuzi. Basi sikia habari za mji wa Kingston, Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 wahudumu wa afya walianza kutembelea nyumba za watoto waliodumaa kwa kukosa chakula bora. Kila juma kwa saa moja, kwa muda wa miaka 2, waliwaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na watoto wao kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 hivi baadaye, watoto hao walikuwa watu wazima, na mapato yao yalizidi kwa kiasi cha robo mapato ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa hivyo.

Majuma 2 yakipita, chukua kijitabu chake cha kliniki umpeleke akapimwe uzito. Mwulize mhudumu akuonyeshe alama ya safari hii na ya safari iliyopita. Ikiwa mstari haujapanda, mweleze bila kuficha mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na kama ameanza kucheka.