Kuwinda Ayala Katika Msitu wa Campeche

Swali: Safari ya kuwinda ayala katika msitu mnene wa tropiki huendeshwaje, na mgeni huhitaji nini?

Jibu: Katika jimbo la Campeche, kusini-mashariki mwa Meksiko, windo kuu la jamii ya ayala msituni ni temazate, ayala mdogo ambaye pembe za dume wake ni fupi, zimenyooka na hazina matawi. Hutembea peke yake na hupenda matunda yaliyoanguka. Kwa hiyo kiongozi wa safari, aghalabu mwanakijiji wa asili ya Maya, hamfukuzi. Hutafuta nyayo mbichi chini ya mti unaodondosha matunda, kisha mwindaji hupanda mti wa jirani na kungoja, upepo ukimvumia usoni. Saa nyingi hupita bila kitu, na kikohozi kimoja chaweza kuharibu alfajiri nzima. Majani huziba macho, basi risasi hupigwa kwa karibu, baada ya dume kutambuliwa bila shaka yoyote.

Uwindaji huu hufanyika katika maeneo yaliyosajiliwa kwa usimamizi wa wanyamapori, yaitwayo UMA. Kila mnyama huhitaji lebo yake, na bunduki ya mgeni kibali cha jeshi. Safari isiyo na lebo ni ujangili, hata ikilipiwa ghali.