Mita Peke Yake Haipunguzi Bili
Mhandisi wa nishati anajibu maswali kuhusu dijitali na mazingira katika viwanda vya chai nchini Kenya

Kiwanda cha chai kinahitaji dijitali ya nini?

Ya kujua kinakula nini. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na ushei za majani mabichi. Tofauti hiyo ni maji, na kuyaondoa ndiko kunakomeza kuni na umeme. Bili huja mara moja kwa mwezi, ya kiwanda kizima. Utamlaumu nani, feni za kunyausha au mashine za kukatia? Funga mita ndogo kila sehemu, zitume takwimu kila baada ya dakika chache, ndipo utajua.

Zinafichua nini hasa?

Usiku, zaidi. Majani yamepungua, lakini feni zinavuma kwa kasi ya mchana kwa kuwa swichi inajua kuwasha na kuzima tu. Kifaa cha kubadilisha kasi ya mota kinatibu hilo. Punguza kasi ya feni kwa asilimia 20, na umeme inaokula unashuka karibu nusu, kwa sababu umeme wa feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Wengi hawaamini mpaka waone mita.

Basi tununue vifaa, mazingira yapone?

Thubutu! Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe matumizi ya nishati kila miaka mitatu. Ripoti inaweza kuandikwa vizuri, ikaishia kabatini. Skrini nayo inaweza kuwaka ofisini kwa meneja bila mtu kuitazama. Swali langu la kwanza huwa hili: msimamizi wa zamu ya usiku ana ruhusa ya kupunguza feni bila kumpigia mtu simu? Kama hana, hela ya mita imepotea. Kama anayo, akiba ya mwanzo hununua mita nyingine, nazo hufichua hasara nyingine. Hivyo ndivyo dijitali na utunzaji wa mazingira hukua pamoja.

Ufanisi unaweza kuongeza uchafuzi?

Ndiyo. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alionyesha kwamba injini zilizobana makaa ya mawe ziliongeza matumizi yake, kwa sababu nguvu ilikuwa rahisi na ikatumiwa kila mahali. Kwa hiyo nataka hesabu mbili: uniti kwa kila kilo ya chai, na jumla ya mwaka. Wakurugenzi hupenda kunionyesha ya kwanza.

Kiwanda kisicho na mtaji kianzie wapi?

Kwenye kuni. Ukichochea boila kwa mikaratusi mibichi, sehemu ya moto inapotea kukausha kuni zenyewe. Nunua kipima unyevu cha mkononi, pima kila lori kabla halijashusha mzigo, na mlipe muuzaji kulingana na ukavu. Ataanza kuzianika mwenyewe.