SOMO LA AFYA: Ubongo Hupigwa Picha Kabla ya Kupasuliwa



Tuseme yupo mama mmoja, kazi yake ni kushona nguo. Kwa miaka mingi anaumwa kichwa upande mmoja. Mara mbili ameanguka kifafa. Majirani wanasema ati amerogwa. Mwisho anafika hospitali kubwa, anapigwa picha ya kichwa, na daktari anamwambia: "Mama, ndani ya ubongo wako, upande wa kushoto, kuna fundo la mishipa ya damu."

Mama anauliza swali moja tu: "Mkinipasua, Bwana Daktari, mkono wangu wa kushonea utabaki?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Zamani daktari hakuweza kulijibu kabla ya kufungua kichwa. Siku hizi picha humsaidia kulijibu mapema.

FUNDO LA MISHIPA NI NINI?

Mkulima wa mpunga ataelewa upesi. Maji hutoka mfereji mkubwa, huingia majarubani, hutandaa polepole, na mpunga hunywa. Maji yanayobaki hutoka kwa mfereji wa kutolea.

Damu nayo ni hivyo hivyo. Mishipa iitwayo ateri huleta damu kutoka moyoni kwa nguvu. Damu hiyo hupita katika vishipa vyembamba kuliko unywele. Humo ndimo ubongo unapopata hewa safi na chakula. Kisha mishipa iitwayo vena huirudisha damu moyoni.

Sasa fikiri mtu amechimba njia ya mkato, kutoka mfereji mkubwa moja kwa moja hadi mfereji wa kutolea. Maji yatakimbilia humo. Mambo mawili yatatokea. Kwanza, jaruba la jirani litakosa maji. Pili, kingo za mfereji wa kutolea hazikujengwa kwa maji ya nguvu. Siku moja zitabomoka.

Fundo la mishipa ndivyo lilivyo. Ateri zimeungana na vena bila vishipa vyembamba katikati, na mishipa yenyewe imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Mara nyingi mtu huishi nalo miaka mingi bila kujua. Halitokani na uchawi, wala haliambukizi. Lakini likipasuka, damu humwagika ndani ya ubongo. Hicho ni kiharusi, na kinaweza kuua. Kati ya watu 100 wenye fundo hili, wapatao 2 mpaka 4 hutokwa na damu ubongoni kila mwaka.

KWA NINI LISIKATWE TU?

Ubongo una sehemu nyingi, na kila sehemu ina kazi yake. Upande wa kushoto huendesha mkono na mguu wa kulia. Upande wa kulia huendesha mkono na mguu wa kushoto. Kwa watu wengi, kusema na kuelewa maneno ni kazi ya upande wa kushoto.

Kwa macho, sehemu hizi zinafanana mno. Hakuna kibao kilichoandikwa "hapa ni mkono" au "hapa ni usemi". Daktari akikosea kidogo tu, fundo litaondoka, lakini mgonjwa ataamka hawezi kusema, au mkono umepooza. Kwa hiyo daktari anataka kujua mambo mawili: fundo liko wapi, na jirani yake ni nani.

PICHA ZILIANZAJE?

Mwaka 1927, mjini Lisbon, nchi ya Ureno, daktari Egas Moniz alitia dawa maalum katika mshipa wa shingo, kisha akapiga picha ya eksirei. Mishipa ya ubongo ikaonekana. Njia hiyo inatumika hata leo, ila imeboreshwa. Siku hizi daktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa kinena au wa mkono, anausogeza hadi shingoni, ndipo anatia dawa. Picha hiyo huonyesha damu inaingilia wapi katika fundo na inatokea wapi.

Mwaka 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT, iliyotengenezwa na injinia Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo huonyesha ubongo vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Baadaye ikaja mashine ya MRI, inayotumia sumaku kubwa badala ya eksirei.

Picha hizo zilijibu swali la kwanza: fundo liko wapi. Swali la pili lilisubiri hadi miaka ya 1990. Hapo wataalamu walijifunza kutumia MRI kuona ubongo ukiwa kazini.

UBONGO UKIWA KAZINI

Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye hewa safi huongezeka pale. Damu hiyo na ile iliyokwisha toa hewa yake hazifanani mbele ya sumaku. Mashine huona tofauti hiyo.

Mgonjwa hulala ndani ya mashine, hatikisi kichwa. Anaambiwa: "Chezesha vidole vya mkono wa kulia." Kisha: "Pumzika." Kisha tena: "Chezesha." Sehemu inayoendesha vidole inajionyesha kwenye picha. Halafu anaambiwa ataje moyoni majina ya wanyama. Sehemu ya usemi nayo inajionyesha. Basi daktari anapata ramani: fundo hili hapa, mkono huu hapa, usemi huu hapa.

Ramani hii imewafunza madaktari jambo la ajabu. Kwa baadhi ya wagonjwa, fundo limekaa mahali pa usemi, lakini usemi haupo pale. Umehama! Ubongo, kwa kuwa umekaa na fundo miaka mingi, umehamishia kazi hiyo mahali pengine, hata upande wa pili.

Lakini ramani si Mungu. Damu inayokimbia katika fundo inaweza kuichafua picha, hata sehemu inayofanya kazi ionekane kama imelala. Kwa hiyo wakati mwingine daktari huhakikisha siku yenyewe ya upasuaji. Mgonjwa huamshwa kichwa kikiwa wazi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari hugusa sehemu kwa umeme mdogo, huku mgonjwa akihesabu au kutaja majina. Akikwama kusema, daktari anajua: hapa hapakatwi.

TUJIFUNZE KUJUMLISHA

Mwaka 1986 madaktari Robert Spetzler na Neil Martin wa Marekani walitoa njia ya kupima ugumu wa kukata fundo. Chukua kalamu.

Ukubwa: chini ya sentimeta 3 (karibu upana wa vidole viwili), alama 1. Sentimeta 3 mpaka 6, alama 2. Zaidi ya 6, alama 3.

Mahali: likiwa kwenye sehemu yenye kazi kubwa, kama mkono, usemi au kuona, alama 1. La sivyo, 0.

Damu inapotokea: ikitokea kwenye vena za ndani sana, alama 1. Ikitokea kwenye vena za juu tu, 0.

Jumlisha. Alama 1 au 2: kwa kawaida linakatika bila hatari kubwa. Alama 3: madaktari hushauriana kwa makini. Alama 4 au 5: mara nyingi ni heri kuliacha.

Kukata siyo njia pekee. Fundo dogo linaweza kupigwa mionzi, likafunga baada ya miaka 2 au 3. Pengine mishipa yake huzibwa kwa gundi maalum kupitia mpira mwembamba.

Na wapo wasiotakiwa kuguswa upesi. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 223 ambao fundo lao lilikuwa halijapasuka. Katika muda wa karibu miaka 3, waliopewa dawa za kutuliza dalili tu walipata kiharusi au kufa mara chache kuliko walioingiliwa fundo. Madaktari bado wanabishana, maana miaka 3 ni michache kwa kijana mwenye maisha marefu mbele. Ndiyo sababu kila mgonjwa huangaliwa peke yake.

TUMRUDIE MAMA YETU

Tuseme picha zinaonyesha fundo lake lina sentimeta 2. Sehemu ya mkono iko kando, upana wa kidole kimoja. Damu inatokea juu. Alama zake ni 1 + 0 + 0 = 1. Daktari anaweza kumwambia: "Mama, fundo halijaugusa mkono wako. Hatari ipo, siwezi kukuficha, lakini ni ndogo." Sasa mama anaamua akijua.

SISI TUFANYE NINI?

Maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kifafa kwa mtu asiyekuwa nacho, kupooza upande mmoja, au kushindwa kusema ghafla: mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Usingoje kesho. Kutoka hospitali ya wilaya anaweza kupewa rufaa. Hapa Tanzania, upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Ukiambiwa unapigwa picha ya MRI, toa funguo, fedha za chuma, pini za nywele na saa. Kama una chuma mwilini, mwambie mhudumu kabla ya kuingia. Mashine hupiga kelele sana, lakini haiumi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Njia ya mkato ya maji inafananaje na fundo la mishipa?
2. Kwa nini daktari anataka kujua jirani ya fundo?
3. Fundo lina sentimeta 4, liko mahali pa usemi, damu inatokea juu. Lina alama ngapi?
4. Katika kijiji chenu, mtu akianguka kifafa hupelekwa wapi kwanza? Je, ni sawa?

(Jibu la swali la 3: 2 + 1 + 0 = 3.)