Ujira wa Dalali Pasipo Maandishi

Kiwanja kimeuzwa kwa shilingi 12,000,000. Dalali aliyemleta mnunuzi anadai asilimia 10, yaani shilingi 1,200,000. Mwenye kiwanja anashikilia kuwa walikubaliana asilimia 5. Karatasi hakuna. Kabla hawajaelewana, anajitokeza dalali wa pili na kusema mteja huyo alikuwa wake.

Wananchi wengi hudhani kuwa makubaliano ya mdomo hayana nguvu. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huyatambua makubaliano ya hiari hata yasipoandikwa. Mkataba wa kuuza ardhi yenyewe ndio ambao Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, huutaka uwe wa maandishi. Dalali, basi, anaweza kudai. Ugumu uko kwenye ushahidi, kwa kuwa anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na kusema “ndiyo kawaida ya mtaani” hakusaidii pale kila upande unapotaja kawaida yake. Ujumbe wa simu uliotaja kiwango, au shahidi aliyekuwapo, ndio msaada uliobaki. Ujumbe huo usifutwe.

Kumwonyesha mtu kiwanja si kukiuza. Hata hivyo, mwenye mali anayemzunguka dalali na kumalizana kwa siri na mteja yule yule asitarajie kuwa deni limekufa.

Ukurasa mmoja watosha: kiwanja kipi, kiwango gani, nani atalipa na lini, na iwapo madalali wengine wamehusishwa. Utiwe saini mbele ya mashahidi kabla mteja hajapelekwa kukiona kiwanja.