Nishati ya Kukokotoa Kiwandani

Hakuna kazi isiyotumia nishati, na kukokotoa nako ni kazi. Tuchukue mtambo wa akili mnemba unaokagua chupa kwa kamera ili kutambua zenye ufa. Ujuzi wake ni namba nyingi zilizohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Je, nishati yake huenda wapi?

Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alionyesha kwamba katika saketi za nanomita 45, kuzidisha namba za desimali za biti 32 hutumia takriban pikojouli 4. Kusoma namba moja kutoka kumbukumbu ya nje hutumia takriban 640. Gharama kubwa, basi, imo katika kuzileta namba, si katika kuzizidisha.

Dawa ni kuzifupisha ziwe za biti 8, ili nne ziletwe kwa safari moja. Usahihi waweza kupungua. Kwa hiyo sharti mtambo upimwe upya, kwani chupa yenye ufa ikipita, nishati iliyookolewa haina faida.

Zoezi: Mtambo husoma namba 1,000,000 kwa kila chupa. Pikojouli trilioni 1 ni jouli 1. Kokotoa nishati ya kusoma kwa biti 32, kisha kwa biti 8.

Majibu: jouli 0.00064, jouli 0.00016.