Vigawo 288 vya namba moja: somo kuhusu "namba za siri"



Wapo watu wanaochukua miaka na tarehe, wakazidisha na kugawanya, kisha wakawaambia waamini kuwa wamevumbua ujumbe uliofichwa. Wengine huuza kabisa namba za bahati. Mseminari atakayetumwa parokiani anahitaji jibu, na mwamini anahitaji kinga. Katika somo hili tutatumia hesabu za shule ya msingi kuona kwa nini uvumbuzi wa namna hiyo hautuambii kitu.

1. Tuunde namba

Tuchukue miaka mitatu ya mkoa wetu wa Mara. Mwaka 1922 Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama. Mwaka 1957 Musoma ilifanywa jimbo. Mwaka 2010 liliundwa Jimbo la Bunda. Tukizidisha 1922 × 1957 × 2010 tunapata 7,560,321,540.

2. Tuivunje

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 19 au 31. Namba yetu si tasa. Inaishia na 0, hivyo inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 33, hivyo inagawanyika kwa 3, lakini si kwa 9. Tukivunja kila mwaka:

1922 = 2 × 31 × 31
1957 = 19 × 103
2010 = 2 × 3 × 5 × 67

Kwa pamoja tunapata 2 × 2 × 3 × 5 × 19 × 31 × 31 × 67 × 103. Anayeanza kuivunja kwa njia nyingine yoyote atafika kwenye namba tasa hizi hizi.

3. Tuhesabu vigawo

Ili kupata kigawo, tunachagua 2 ngapi za kutumia: hata moja, moja au mbili. Hizo ni njia 3. Kwa 31 vilevile ni njia 3. Kila moja kati ya 3, 5, 19, 67 na 103 ama inatumika ama inaachwa: njia 2. Basi 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 288. Namba yetu ina vigawo 288.

4. Tujaribu "unabii"

Zidisha 2 × 2 × 3 × 5 × 31: unapata 1860, mwaka ambao Padre Fava na wenzake walifika Zanzibar kuanza umisionari. Zidisha 3 × 5 × 103: unapata 1545, mwaka ulipofunguliwa Mtaguso wa Trento. Mtu angeweza kusimama na kusema kuwa Trento na Zanzibar zilifichwa ndani ya Butiama, Musoma na Bunda!

Lakini hakuna aliyeificha miaka hiyo. Vigawo ni vingi, na miaka ya kukumbukwa katika historia ya Kanisa ni mingi. Lazima baadhi vikutane. Tena mtabiri hutaja vinavyokubali na kunyamazia vinavyokataa. Mwaka 1868 misioni ya Bagamoyo ilianzishwa. 1868 ni 2 × 2 × 467, na 467 haimo katika orodha yetu.

Zaidi ya hayo, anayepewa 7,560,321,540 bila maelezo atapata namba tasa zote, ila hatajua zilitokana na miaka ipi. Maana tuliiweka sisi kwa kuchagua miaka, namba haikuitunza.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila aina ya uaguzi. (Na 2116 ni 46 × 46. Hilo nalo si ujumbe.)

Zoezi: zidisha mwaka wa kuanzishwa kwa parokia yako na mwaka wa ubatizo wako. Vunja jibu, hesabu vigawo, kisha tafuta mwaka maarufu kati yake. Ukiupata, waonyeshe vijana wa parokia yako jinsi ulivyojitokeza.