Maana ya Alama 12 katika Hojaji ya Sonona
Swali: Je, mtu aliyejaza hojaji ya PHQ-9 na kupata alama 12 amethibitika kuwa na sonona?

Jibu: La. Hojaji hiyo huuliza maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Alama 10 hadi 14 huashiria dalili za wastani. Hata hivyo, hicho ni kipimo cha uchujaji, yaani cha kubaini anayestahili kuchunguzwa zaidi na mtaalamu, kwa kuwa uchovu na kukosa usingizi huweza pia kuletwa na maradhi ya mwili, dawa au msiba. Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, likipata alama yoyote zaidi ya 0, msaada utafutwe mara moja, hata jumla ikiwa ndogo.